Kanipa nyota moja na kitabu hata hajakifungua

Wiki hii barua karibu zote ni za waandishi, sijui ni msimu au mmeambizana, ila wote mnalia kilio kimoja, nyota na komenti za wanunuzi. Nimechagua chache. Zilizobaki nyingi zinafanana na ya huyu wa Igoma, kwa hiyo ukisoma jibu lake chukua na lako humohumo.

SWALI, kutoka Igoma
Shangazi shikamoo. Naishi Igoma hapahapa Mwanza. Mwezi wa tatu nilitoa riwaya yangu ya kwanza, nimejichapishia mwenyewe, ni mambo ya mapenzi na mirathi, PDF nauza 5,000 na cha karatasi 12,000. Ukurasa wangu una sehemu ya watu kuweka nyota, nilikuwa na watu 11 wote wamenipa tano. Juzi mtu kaweka nyota moja, kaandika "faili halifunguki pesa imeenda". Kesho yake mwingine kaweka nyota tatu anasema "hadithi tamu ila Zawadi ukurasa wa 63 anageuka anaitwa Zainabu, na mwisho umekimbizwa". Tangu siku hiyo mauzo yamekata kabisa Shangazi, hata mmoja. Nimewaandikia jibu refu wote wawili nimelisevu, nasubiri ruhusa yako nilirushe. Wananiharibia riziki.

Marahaba mwanangu. Lile jibu ulilosevu lifute. Kabla hujaendelea kusoma nenda kalifute halafu urudi. Umelifuta? Haya.

Umechanganya watu wawili kwenye kapu moja. Wa kwanza hajasema lolote kuhusu kitabu chako, yeye ametuma elfu tano faili likagoma, kwa macho yake umemla pesa, na ile nyota moja kaiweka kwa sababu hakuona pa kulalamikia pengine. Huyo mpigie simu. Meseji tena hapana, piga, namba yake unayo maana muamala uliingia na namba na jina. Muulize anatumia simu gani, ina nafasi au imejaa, ana programu ya kufungulia PDF au hana, kwa sababu wanunuzi wetu wengi laptop hawana, wanasoma kwenye kasimu kadogo kioo kimepasuka kwenye kona memori imejaa picha za harusi ya binamu, na wewe najua tu umebandika jalada la picha kubwaaa faili zima limekuwa megabaiti 40, hapo halifunguki hata uliombee. Lipunguze, mtumie upya, usikate simu mpaka akuambie naona ukurasa wa kwanza. Wengi ukiwafanyia hivyo wanarudi wenyewe kuibadilisha ile nyota, wala usiwaombe.

Wa pili sasa. Mwanangu huyo wa pili ndiye muuzaji wako bora kuliko wale 11 wote na wewe unataka kumtukana.

Nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi, simama pembeni umuangalie mama anayenunua dagaa wa kupeleka Kahama. Muuzaji anasifia weee, dagaa safi hawa, dagaa wa chanja, mama wala hasikii. Anazamisha mkono ndani kabisa ya gunia, wa juu hawataki, anatoa fumba moja, anafikicha, anapuliza, anaangalia kiganjani kama umebaki mchanga, wawili watatu anatafuna hapohapo. Akimaliza anamgeukia mwenzake aliyenunua kwa yuleyule juzi, anamuuliza kwa sauti ya chini, wale wa juzi walikuwaje? Mwenzake akisema wazuri ila chini ya gunia kulikuwa na mchanga kidogo, mama anaomba apunguziwe, ananunua, anaondoka. Akisema ni wazuri sana sana sana hawana kasoro hata chembe, hapo mama anaanza kujiuliza hawa wawili ni ndugu?

Ndicho kinachotokea kwenye ukurasa wako. Watu 11, wote tano, nimewasoma, "hongera sana kaka", "kitabu kizuri Mungu akuinue", "kaka yetu unatisha". Hakuna hata mmoja aliyetaja jina la mhusika. Mtu wa Shinyanga asiyekujua akisoma pale anaona ni kwaya ya kanisani kwenu imekuja kukupongeza, hajui bado kama kitabu kina nini ndani. Halafu anakuja huyu wa nyota tatu anasema hadithi tamu, anataja Zawadi, anataja ukurasa wa 63. Huyo amesoma! Kitabu kimesomwa na mtu mpaka mwisho, na ndiyo ushahidi pekee ulionao.

Na siyo maneno ya sokoni tu haya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Judith Chevalier na Dina Mayzlin, walichapisha utafiti wao, walichukua vitabu vilevile vinavyouzwa kwenye duka la mtandaoni la Amazon na kwenye tovuti ya Barnes & Noble wakawa wanalinganisha, kitabu kikisifiwa zaidi upande mmoja na mauzo yake yanapanda upande huo ukilinganisha na wa pili. Wakaona nyota moja inaumiza kuliko nyota tano inavyosaidia, hapo nakupa haki ya kulia kidogo. Lakini wakaona pia dalili kwamba wanunuzi wanasoma maneno yenyewe, hawaishii kuangalia wastani wa nyota. Na 2010 Jonah Berger na wenzake wawili wakaja na la kwao, wao waliangalia vitabu vilivyochambuliwa na gazeti la New York Times, mwandishi mwenye jina kubwa akipondwa mauzo yanashuka kama asilimia 15, asiyejulikana akipondwa mauzo yanapanda kama asilimia 45, maana kumbe watu ndiyo kwanza wanasikia kwamba yupo. Usikimbilie kwenda kutafuta wa kukuponda sasa, lile ni gazeti kubwa na wewe ni ukurasa wa watu mia tisa, ila tatizo lako na la yule asiyejulikana ni lilelile, adui yako namba moja hajaandika komenti yoyote, ni yule ambaye hajui kama umeandika kitabu.

Ndiyo maana komenti inamtikisa mwandishi wa kujitegemea kuliko mwenzake mwenye mchapishaji. Yule kitabu chake kiko dukani, kiko maktaba, mwalimu kakiweka kwenye orodha ya shule, komenti mbili tatu mbaya hazimtikisi. Wewe huna rafu, huna mwalimu, una maneno ya wateja 13 basi, kila mmoja akihema unayumba.

Halafu hilo la mauzo kukata. Barua yako imenifikia tarehe 24. Mwanangu, tarehe 24 nani ana elfu tano ya riwaya? Subiri tarehe 2 halafu uniandikie tena. Mimi niliwahi kukaa wiki nzima namlaumu mtu mmoja kwa nyota mbili alizonipa, kumbe ilikuwa wiki ya kulipa ada.

Kazi ya leo usiku ni hii, fungua faili, tafuta Zainabu zote ugeuze ziwe Zawadi. Mwenye kampuni kubwa akikosea jina anasubiri chapa ya pili, wewe unalala limeshanyooka, hiyo ndiyo faida ya kujichapishia na hujaitumia. Ukimaliza jibu chini ya ile komenti, mstari mmoja: asante, nimerekebisha ukurasa wa 63, toleo jipya nakutumia bure. Usiongeze neno. Kila anayepita hapo atajua nyuma ya kitabu kuna mtu anayesikia.

La mwisho kukimbizwa usilijibu kabisa. Hayo ni maoni ya msomaji na ni yake. Mimi nimekinunua jana, elfu tano yangu mwenyewe, nimekimaliza saa saba usiku. Mwanangu, mwisho umekimbizwa.

SWALI, kutoka Nyegezi
Mambo Shangazi. Chuo nimemaliza mwaka jana, naandika vitabu vya vijana na biashara ndogondogo. Kuna jamaa kanifuata inboksi, anasema ana watu wake, nyota tano 50 pamoja na komenti kwa 30,000, na nikitaka 100 ananipunguzia. Anadai waandishi wote wakubwa walianza hivyo ila hawasemi. Elfu thelathini ninayo. Nimpe?

Poa mdogo wangu. Usimpe.

Ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Kitabu changu cha kwanza cha hadithi nilichapa nakala 200, nikawa nauza kwa watu wa grupu moja la wasomaji. Wiki ya pili kimya. Nikachukua laini yangu ya pili, nikafungua akaunti, nikajiita Msomaji wa Kweli, nikaingia kwenye lile grupu nikajisifia aya mbili nzito, lugha tamu, wahusika hai, nimelia sura ya nne. Nilijiona mjanja. Saa mbili hazijaisha dada mmoja akaandika, huyu Msomaji wa Kweli mbona anaandika "jamanii" na i mbili kama Shangazi? Jamanii. Grupu zima likacheka, skrini shoti zikatembea mpaka Bukoba, na kilichoniuma kuliko vyote kuna watu watatu walikuwa wamenisifia kwa moyo wao kabisa, nao wakaonekana ni mimi. Nakala zilizobaki nimezihamisha nyumba mbili.

Sasa huyo jamaa yako anasema wakubwa wote walianza hivyo. Kuna waliofanya, kweli, na tunawajua kwa sababu walikamatwa. Mwaka 2012 New York Times liliandika habari za Mmarekani anaitwa Todd Rutherford, alifungua tovuti ya kuuza rivyu za vitabu, yaani hizo komenti na nyota, moja dola 99, ishirini dola 499, hamsini dola 999, ona hata bei ya hamsini jamaa yako kaikuta imeshapangwa. Kati ya wateja wake alikuwemo John Locke, wa kwanza kujichapishia mwenyewe na kufikisha vitabu milioni moja vya Kindle, vile vya kusomea kwenye skrini vya Amazon, mwaka 2011, akakiri rivyu 300 alizilipia. Na alikuwa ameshatoa kitabu cha kuwafundisha wenzake jinsi alivyouza hiyo milioni, hilo somo la 300 akalisahau. Mwaka huohuo wa 2012 Muingereza R. J. Ellory, mwandishi wa riwaya za uhalifu na wala siyo mchanga, akabainika anajisifia Amazon kwa jina la kubuni na wenzake anawaponda, ikabidi aombe radhi hadharani. Na nyuma huko 2004 mitambo ya Amazon ya Canada ilipata hitilafu, majina halisi ya watu wanaoandika rivyu yakaonekana siku kadhaa, wakakutwa waandishi wamejipa tano wenyewe. Yaani tangu zamani Msomaji wa Kweli ni wengi.

Sasa hivi kule ni mpaka sheria. Kuanzia Oktoba 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ina kanuni inayokataza kuuza na kununua rivyu feki, faini kwa kosa moja inaweza kuzidi dola 50,000. Wewe upo Nyegezi hawatakuja kukubeba, lakini ukurasa unaouzia ukifungwa na pesa yako iko ndani utamuuliza nani?

Na hata usipokamatwa, vuta picha hizo nyota 50 zitakavyoonekana. Zote zimeingia usiku wa Jumanne na Jumatano, akaunti hazina picha, kila mmoja "kitabu bora nimejifunza mengi". Kitabu cha biashara ndogo, na katika watu 50 hakuna aliyesema amejaribu kuuza hata karanga! Mnunuzi siku hizi ananusa hiyo kabla hajamaliza kusoma ya tatu.

Chukua hiyohiyo elfu thelathini, tafuta stashenari karibu na chuo wanaotoa kopi kwa shilingi 100, sura ya kwanza iwe kurasa sita, unapata kopi 50. Kaa stendi ya Nyegezi wanapopandia magari, wagawie madereva bajaji, mama ntilie, wauza vocha, watu uliowaandikia, chini weka namba yako na sentensi moja, ukijaribu hii nitumie meseji ilikuwaje hata kama imekukataa. Watakaojibu labda ni wanne. Wanne wale waombe ruhusa uweke maneno yao kwenye ukurasa kama walivyoyaandika, na makosa yao ya herufi yaache.

SWALI, kutoka Nansio, Ukerewe
Shangazi habari za huko mjini. Mimi ni mwalimu, nimeandika hadithi za watoto wa ziwani kwa Kiingereza nikaziweka Amazon. Walimu wenzangu watatu na mdogo wangu wa Dar waliahidi kuniandikia rivyu. Wenzangu wote watatu mfumo umewakatalia. Mdogo wangu ilikubali, ikakaa siku mbili ikatoweka. Kuna mtu ananifanyia hila?

Nzuri Mwalimu, poleni na upepo maana juzi kivuko kimetutesa. Hila hakuna, ni masharti yao tu, na hayakutungwa kwa kukufikiria wewe.

Kuandika rivyu kwenye ile Amazon ya Marekani mtu awe ametumia hapo angalau dola 50 ndani ya miezi 12 iliyopita kwa kadi ya benki. Dola 50 ni zaidi ya laki moja yetu. Walimu wenzako lini walinunua kitu huko? Hata wangekisoma kitabu chako mara tano, kura hawana. Mdogo wako labda anayo kadi na ananunuaga vitu, ila yeye ni ndugu, na ndugu na marafiki wa karibu wa mwandishi hawaruhusiwi, mfumo ukihisi uhusiano unafuta, na haukuambii umehisije.

Hapa ndipo mwandishi wa huku anaumia tofauti na wa kule. Wanaokijua ulichokiandika, wanaojua furu ni samaki gani na kwa nini mtoto anakatazwa kuogelea kule upande wa mawe, hao hawana sauti pale. Mwenye sauti ni mtu wa Ohio kule Marekani ambaye ziwa lako hajaliona, akiona neno asilolielewa anaondoa nyota. Sikulaumu ukikasirika. Ila ukishajua mlango uko wapi unaacha kugonga ukuta.

Mlango ni Watanzania na Wakenya walioko nje, wenye watoto wanaokua hawajui ziwa. Kadi wanazo, manunuzi wanafanya, na hadithi za watoto ndizo wanazozitafuta. Wapate hao kwenye magrupu yao, tena wageni kwako kabisa, usiende kwa shemeji. Kwa vitabu Amazon inaruhusu kumpa mtu nakala ya bure kabla au baada ya kutoka, sharti lake usimlazimishe kuandika na usimwambie aandike nini, wape kumi na tano, wakiandika wawili umepata. Anayenunua mwenyewe rivyu yake inapata alama kwamba amenunua kweli, hiyo wasomaji wanaiamini zaidi. Na ukurasa wa mwisho kabisa wa kitabu, mtoto akishamaliza na mzazi bado kakishika, weka maneno mawili, ukikipenda au usipokipenda, waambie wazazi wengine. Hapo ndipo mtu anaandika, akishaweka simu chini umemkosa.

Kubadilishana na mwandishi mwenzako, nikupe tano nipe tano, usiingie, wanakataza na wanafuta zote mbili.

Bei nayo iangalie upya maana umeiweka dola 0.99. Mgao wanaokupa wewe mwandishi ni asilimia 35 au 70 kutegemea bei na nchi ya mnunuzi, na hiyo 70 inaanzia kitabu cha dola 2.99 hadi 9.99. Kwa sasa unapata 35 tu na bado unalia nyota.

Na upo Ukerewe Mwalimu, kisiwa cha Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 akakosa wa kuichapa, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ikaja kutoka miaka zaidi ya thelathini baadaye na mzee mwenyewe akafariki 1981. Huyo hakupata hata wa kumpa nyota moja. Sikwambii usubiri kama yeye, simu unayo.

SWALI, kutoka Musoma
Shangazi, mimi siyo mwandishi, mimi ni mnunuzi tu. Rafiki yangu tuliyesoma wote katoa kitabu cha mashairi, kibaya jamani, halafu kila siku ananiuliza vipi mbona hujaniwekea nyota tano. Nikiweka najiona mwongo, nisipoweka urafiki unakufa.

Dada pole. Nyota usiweke. Mwambie wewe ni rafiki yake na watu wanajua kwamba ni rafiki yake, tano yako itamfanya aonekane ana ukoo mkubwa, basi, na hilo ni kweli hata kama siyo sababu yako yote. Halafu mfanyie kitu kikubwa kuliko nyota, nunua nakala mbili, moja mpe mtu anayependa mashairi kwa dhati na hamjui rafiki yako.

Ila usininyamazie kabisa maana hukusema kibaya kwa nini. Vina vimevunjika? Mizani? Au anaandika mambo ambayo hayakugusi tu wewe? Kama kuna shairi moja lilikushika hata kidogo, mwambie ni lile, taja beti. Mshairi mchanga akijua lile moja atarudi kulichungulia usiku limewezaje. Na siku ukitaka kuandika rivyu ya kitabu cha mtu usiyemjua, dada, andika hivyohivyo, kinahusu nini, kipi kilikushika, kipi kilikuchosha na ukurasa wake, mistari mitatu. Mwandishi wa kujitegemea akipata kumi za hivyo anakula.

SWALI, kutoka Sengerema
Shangazi nina uhakika asilimia mia mwenzangu kwenye grupu letu la waandishi ananiponda kwa akaunti tatu tofauti. Nimtaje?

Asilimia mia umezipata wapi? Hisia siyo ushahidi kaka. Piga skrini shoti, andika tarehe na saa, angalia hizo akaunti zimempa nani mwingine nyota moja na nani tano, peleka kwa admin wa ukurasa kimyakimya. Mwaka 2023 Mmarekani mmoja, Cait Corrain, kitabu chake cha kwanza hakijatoka bado, aliwashushia waandishi wachanga wenzake nyota moja moja kwenye Goodreads, tovuti ya wasomaji kuvipa vitabu nyota, kwa akaunti za uongo, wenzake wakakaa wakalinganisha akaunti hizo moja baada ya nyingine mpaka zikamrudia mwenyewe, mchapishaji wake akamtema. Ukimtaja mtu bila hayo mkononi, anayetafutwa kesho ni wewe. Na niambie ukweli, zile akaunti tatu zinasema nini? Maana kama zote zinasema sura ya pili inachosha, hata ziwe za mtu mmoja, isome tena hiyo sura.

SWALI, kutoka Kamanga
Shangazi kile kitabu chako cha zamani bado kipo? Nataka kimoja.

Kipo mwanangu, nakala saba chini ya kitanda, 6,000, kimoja kina doa la chai ukurasa wa 41 hicho nakupa kwa 4,000. Kabla hujatuma pesa, muulize yule dada wa "jamanii", bado yupo kwenye grupu, alikisoma baadaye akanipa nyota mbili, na aliyosema kuhusu sura ya nne ni kweli. Ukishakubali njoo na kivuko cha asubuhi, mchana nakuwa Makoroboi.